Kura ya Chui Wawili

Sogea karibu kidogo, wewe unayesoma, maana jambo hili nitalisema polepole na sitalipandishia sauti. Mwezi uliopita nilikuwa Manyatta, juu ya mji wa Embu, kumzika Mzee Njeru. Tuliketi chini ya hema jeupe katikati ya migomba na kahawa, na binti yake Wawira akasoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye kijitabu chenye picha yake amevaa koti. Akasoma alikozaliwa, alipobatizwa, na ng'ombe aliowafuga. Kisha akasoma: "Baba alishirikiana na watafiti, akaokoa chui wawili." Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja nyuma yangu akacheka ndani ya kofia yake. Wawira akasema kwa kipaza sauti kwamba yupo kati yetu Daktari Kagwiria, aliyefanya kazi ya paka wa porini maisha yake yote, simba, duma, chui na mondo, na kwamba kazi hiyo ilianzia boma lile. Nikapewa kipaza sauti. Nikashukuru familia, nikasema Mzee Njeru alikuwa mtu mwema, nikakirudisha, nikaketi. Sasa nikuambie nilichopaswa kusema. Hakukuwa na chui wawili. Kulikuwa na mmoja, jike, na hakuokolewa. Aliyesema wawili ni mimi, na mbele ya jeneza la mtu aliyeniamini nilinyamaza. Basi acha nisahihishe hapa.

Mwaka nilipofika kwa Njeru nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na shahada moja tu, lakini kijijini waliniita Daktari tangu siku ya kwanza. Walipogundua kwamba siwezi kutibu hata kuku, jina halikuondoka, liligeuka utani. Mradi wa utafiti wa chui ulionituma ulikuwa umenipangia chumba kwa Njeru, stoo ya mbao iliyoegemea jikoni, na nililala kati ya magunia ya mahindi na pampu ya kunyunyizia kahawa dawa. Mbao zilikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Moshi wa jikoni uliingia, harufu ya maziwa yaliyoungua iliingia, na mazungumzo yaliingia yote, bila kupungua. Yale ambayo kijiji kilinifikiria niliyasikia kupitia nyufa hizo.

"Huyu Mmeru amekuja kufanya nini hasa?" jirani mmoja mwanamke aliuliza, wiki yangu ya kwanza.

"Kuhesabu chui," akajibu Mama Wawira, mke wa Njeru.

"Kuhesabu? Na akimaliza?"

"Anaandika."

"Si angehesabu kuku zangu, hizo ndizo zinapungua."

Wakacheka mpaka sufuria ikachemka ikamwagika. Nilipotoka kuja kula, Mama Wawira alinipakulia mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, mwingi kuliko wa mumewe, akakandamiza kwa mwiko. "Kula, Daktari. Chui atasema tumemletea mifupa." Mama huyo hakuwahi kuninyima chakula hata siku moja, wala hakuwahi kunipa sahani bila neno la kuchoma juu yake. Nimeishi na watu wengi baada ya hapo, na wengi walikuwa wapole zaidi. Hakuna aliyenitazama kwa makini kama yeye.

Kazi yenyewe nitakueleza, si ngumu. Chui haonekani. Unaweza kuishi kando ya msitu wa Mlima Kenya miaka hamsini, ukapoteza mbwa saba, na usimwone hata mara moja. Kwa hiyo tunafunga kamera kwenye miti, kimo cha goti, na mnyama akipita mbele yake inajipiga yenyewe. Siku hizo kamera zilitumia filamu. Kila wiki mbili nilitoa filamu, nikateremka Embu mjini, nikamwachia fundi wa studio, nikakunywa chai kwenye hoteli ya jirani nikingoja, na aliponikabidhi bahasha niliifungua hapo hapo mlangoni. Mara nyingi zilikuwa picha za mbuzi, za wanawake wamebeba kuni, za mtu mmoja aliyevua kofia na kuinama mbele ya kamera kama mbele ya mchungaji. Lakini mara moja moja alikuwa chui, na chui hutambuliwa kwa madoa yake, kama vile wewe unavyotambulika kwa alama za vidole. Sasa sikiliza vizuri hapa. Madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya ubavu wa kulia. Ukiona kushoto tu, hujui kulia kukoje. Ndiyo maana kila mahali zinafungwa kamera mbili zinazotazamana, mnyama apigwe pande zote kwa mpigo. Nilifundishwa hivyo, nikafanyia mtihani, nikapita. Lakini siafu na mvua zilikuwa zimeharibu nusu ya kamera zangu, na msitu ulikuwa mkubwa, na mimi nilikuwa na haraka ya kuona. Nikaweka kamera moja moja.

Mwezi wa tano nilikuwa na picha kumi na moja za chui. Sita zilitoka kwenye kamera ya chini, karibu na ua wa Njeru, na zote zilionyesha ubavu wa kushoto. Tano zilitoka kwenye kamera ya juu, kandokando ya kijito, na zote zilionyesha ubavu wa kulia. Kwenye daftari langu niliandika kwa kalamu ya risasi: "Mmoja. Labda wawili." Daftari hilo bado ninalo, na kila ninapolifungua nakuta kwamba nilijua kile hasa nisichokijua. Huo ndio ukatili wa daftari lililoandikwa vizuri.

Kisha chui akala ndama wa Njeru. Alikuwa ndama jike, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, aliyenyonyeshwa kwa chupa kwa sababu mama yake alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Njeru mwenyewe ndiye aliyemnyonyesha, asubuhi na jioni, akimwimbia nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Chui alimtoa zizini akala nusu, nusu akaiacha chini ya mti wa mkadamia. Njeru alisimama pale akiwa na chupa mkononi, ina maziwa. Watu wa kikundi cha maziwa, wafugaji wenzake, ndio waliosema. Mchana huo walijaa jikoni, na mimi nilikuwa upande wa pili wa mbao, nikijifanya nafuta lenzi.

"Nusu imebaki. Atarudi kumalizia. Tunaweka ile dawa ya wadudu ndani ya nyama, tunalala, kesho tunaokota."

"Na fisi atakula, na mbwa."

"Na wao wafe. Kwani ni nani anawahesabu?"

"Daktari."

Kicheko tena. Nikaingia jikoni kabla hakijaisha. Nilikuwa na picha mbili mkononi, ile nzuri kuliko zote ya kushoto na ile nzuri kuliko zote ya kulia. Nilijua jambo moja: ofisa wa wanyamapori alikuwa na mtego mmoja wa chuma na ruhusa ya kuhamisha chui mmoja. Nikafikiri haraka, na fikra ile nilidhani ni huruma. Kama chui ni mmoja, hawa watamtaka huyo mmoja, amekufa au amekwenda. Kama ni wawili, wanaweza kutoa mmoja na kuacha mmoja.

"Ni ngapi?" Mama Wawira akaniuliza moja kwa moja. "Wewe uliyesoma. Ni ngapi hapa kwetu?"

"Wawili," nikasema.

Nikawaonyesha. Huyu wa kushoto ndiye anayeshuka mpaka zizini. Huyu wa kulia anakaa juu kijitoni, hajawahi kumgusa mnyama wa mtu. Mbaya na mzuri. Tumtoe mbaya, na huyu mzuri atalinda eneo lake asije mgeni. Nilieleza kwa utaratibu, kwa sauti ile ile ninayokuelezea wewe sasa, na niliona nyuso zikilegea. Ni raha kubwa kueleza jambo na kuona watu wanaelewa. Nakuonya juu ya raha hiyo.

Mama Wawira alizigeuza zile picha. "Ulishawaona pamoja?"

"Mama, chui hawatembei pamoja."

"Mimi nina Njeru wa kabla ya chai na Njeru wa baada ya chai. Hata hao sijawahi kuwaona pamoja."

Jiko zima likaangua kicheko, na Njeru, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akatabasamu. Nami nikacheka. Nilicheka zaidi ya wote.

Kikundi cha maziwa kilikuwa na desturi yake ya kuamua mambo. Viongozi wao waliwachagua kwa mlolongo, kila mtu anapanga foleni nyuma ya mgombea wake, mchana, hadharani, ili kesho mtu asikane. Mwenyekiti akasema jambo la chui liamuliwe vivyo hivyo. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikimbia Embu nikakuza zile picha mbili, na Jumapili baada ya ibada, tangazo la chui likasomwa kati ya tangazo la kwaya na tangazo la kusafisha kisima. Tukatoka uani. Akina mama wawili wa kwaya wakashika picha, mmoja kila upande wa lango, na mwenyekiti akatangaza: anayetaka huyu ahamishwe, asimame nyuma yake, anayetaka yule, kule.

"Mgombea, toa sera!" mtu akaipigia kelele picha ya kushoto.

"Sera yake ni ndama!"

"Huyu wa kulia ana uso wa mtu wa kanisa. Angalia hata anavyotembea, kama anakwenda kutoa sadaka."

"Wewe, toka kwa hiyo laini! Unafuata chui ama unafuata Mama Mwendia aliyeishika?"

Foleni ya kushoto ilipinda mpaka ikafika kwenye migomba. Foleni ya kulia ilikuwa na watu wanne, na watatu wao walikuwa wakitania. Mama Wawira hakusimama popote. Aliketi juu ya jiwe na Biblia magotini, na alipoulizwa akasema anangoja mgombea wa tatu. Njeru alisimama wa kwanza kabisa kwenye foleni ndefu, kofia mkononi, bila kucheka. Kura ilipohesabiwa alinijia. "Daktari, yule aliyebaki, mimi nitamchunga," akasema. Na alimchunga. Wiki hiyo alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wasiweke sumu, kwa sababu tumekubaliana, kwa sababu tulisimama mstari. Aliyepoteza ndama ndiye aliyekwenda kumwombea chui. Wakamsikia, si kwa sababu yangu.

Mtego uliwekwa chini ya ule mkadamia, mbuzi wa chambo akiwa nyuma ya wavu wa pili. Asubuhi ya tatu nilisikia watu wanakimbia. Nilipofika, ua ulikuwa umejaa kuliko Jumapili. Alikuwa ndani. Nilikuwa sijawahi kuona chui kwa macho yangu, na nilimwona hivyo: amejibana pembeni, damu kinywani, amekwisha kuvunja meno mawili ya juu akiuma vyuma. Watu walikuwa wanamchoma kwa vijiti kupitia wavu. Si watu wabaya. Walikuwa ni wale wale waliovaa suti Jumapili. Mmoja alichoma, chui akaunguruma, wote wakaruka nyuma wakicheka, kisha wakarudi kuchoma tena. Nilitoa picha ya kushoto mfukoni nikailinganisha. Ndiye. Nikashusha pumzi. Kisha mtu akamchoma kiunoni, akageuka, akaniletea ubavu wa kulia, na hapo nyongani palikuwa na madoa matatu yaliyoungana kama unyayo wa kuku. Madoa hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyatazama usiku na mchana kwa miezi miwili. Nikatoa picha ya pili ingawa sikuihitaji. Alikuwa akishuka kupitia kamera ya chini na kurudi nyumbani kupitia kamera ya juu. Nilikuwa nimempiga picha akienda na akirudi, nikampa tabia mbili. Alipogeuka zaidi nikaona tumbo. Chuchu zilikuwa zimevimba, na manyoya yaliyozizunguka yalikuwa yamelowa.

Nikamvuta ofisa pembeni. "Huyu ndiye yule mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Yule tuliyekubaliana abaki. Ni mmoja. Nilikosea. Na ananyonyesha, tafadhali, tumfungulie."

Alinitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Daktari, hawa watu walisimama mstari. Unataka niwaambie walisimamia nini?"

"Ana watoto huko juu."

"Basi wataachishwa ziwa mapema."

Mtu alitusikia. Habari ikazunguka ua kwa sekunde chache, na sauti moja ikapaa juu ya zote: "Mgombea amepita bila kupingwa!" Kicheko kile sijawahi kukisikia tena popote, wala sikitamani. Njeru hakucheka. Alikuja akachukua picha zote mbili mikononi mwangu, akazitazama, akamtazama chui, akazitazama tena. "Sasa tulipiga kura ya nini?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa sababu alidhani najua. Alinirudishia picha, akaenda akamnyang'anya kijana mmoja kijiti, akasimama kati ya watu na mtego, mgongo wake ukiwa karibu na zile kucha, mpaka pikapu ilipokuja alasiri.

Walimpeleka kwenye mbuga yenye ukame, mbali, upande wa chini wa Meru, ambako hakujua kijito hata kimoja. Miezi baadaye ofisa aliniambia alikutwa amekufa kwenye korongo, ngozi na mifupa, kichwa kimeelekea mlimani. Bila yale meno hakuweza kushika kitu. Aliniambia hayo tukinywa chai, akaongeza sukari.

Mimi na Njeru tulitafuta watoto siku nne. Tulipekua mapango ya kijito, mizizi ya miti iliyoanguka, tuliita kwa sauti za kijinga, tulisikiliza. Njeru aliacha kukata majani ya ng'ombe, na Mama Wawira akayakata yeye, bila kulalamika, jambo lililonitisha. Siku ya tano nilikuwa chumbani mwangu nikiosha matope. Nikasikia mbwa wao akiguna kwa furaha mlangoni pa jikoni, kisha kimya. Kisha sauti ya Mama Wawira ikapita kwenye mbao, tulivu kabisa.

"Daktari. Njoo uhesabu."

Alikuwa mtoto wa chui, ameshakufa, mwenye ukubwa wa sungura. Macho yalikuwa yameshafunguka. Mbwa alikuwa amemlaza chini kwa adabu, kama anavyoleta kiatu. Nilichuchumaa. Nilihesabu kwa sauti, kwa sababu Mama Wawira alikuwa amesimama hapo akingoja nihesabu kwa sauti. "Mmoja," nikasema. "Una uhakika?" akauliza. Kama walikuwepo wengine hatukuwapata. Jioni hiyo alinipakulia githeri ya mahindi na maharagwe, sahani imejaa, na kwa mara ya kwanza hakuweka neno lolote juu yake. Nilikula yote. Sikuweza kukataa chakula chake.

Nilipomwambia mkuu wa mradi kule mjini, alisema ripoti ilishapelekwa kwa wafadhili, na kwamba wawili ni namba nzuri: mmoja amehamishwa, mmoja amehifadhiwa. Nikajaribu kubisha. Nilibisha dakika kumi hivi, kisha nikatia sahihi. Mwisho wa mwaka akaja na cheti chenye fremu, akampa Njeru mbele ya watu kwa kuokoa chui wawili. Njeru alikipokea kwa mikono miwili. Akakitundika sebuleni juu ya redio, na siku yangu ya mwisho, nilipomwomba akitoe, akatikisa kichwa. "Nikitoa, watoto watauliza kwa nini. Nitawaambia nini, Daktari, na wewe unakwenda?" Wawira alikuwa na miaka sita, amekaa chini ya cheti hicho akichora. Alikua akikisoma.

Nimehesabu paka wengi tangu hapo, na naamini baadhi yao wako hai kwa sababu ya kazi yetu. Nimefundisha vijana wengi, na nawapenda, na huwa nawaona wakifika kwa wafugaji na picha zao nzuri na hamu ile ile ya kutuliza watu. Wanakosea, mimi pia nilikosea, na kazi hii inamhitaji hata aliyekosea. Simu nimeshampigia Wawira. Nimemwomba nije Jumamosi nimweleze ana kwa ana, na mama yake awepo. Na wewe, ukialikwa kusimama mbele ya watu wenye ng'ombe zizini, wakakuuliza ni wangapi, fanya hivi: taja kwanza usichokijua. Kitaje kwa sauti, kwa maneno yanayotumika jikoni kwao, kabla ya kutaja namba yoyote. Kisha nyamaza, na uwaache waulize.